Namba Kumi na Saba za Penseli

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka zamu na kuja moja kwa moja mkiwa bado na viatu vya mgodini, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya baba yetu. Nimeambiwa niwe mfupi. Nitajaribu. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, mshonaji, na wengi mnanijua kwa jina alilonibandika yeye mwenyewe, Hitilafu. Sababu ya jina hilo itafika mahali pake. Sijalia tangu Jumanne. Wanaonitupia macho ya wasiwasi wasihangaike, nimekufa ganzi tu, na mtu aliyekufa ganzi husoma vizuri.

Marehemu, aliyeitwa Mzee Makopo kazini na mtaani, alizaliwa Jumapili tarehe 3 Machi 1957, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi, nyuma ya stesheni ya treni ya makaa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne, na wa kiume peke yake. Babu yetu alikuwa mtunza taa wa mgodi. Kila mchimbaji aliyeshuka chini alipewa taa yenye namba, na alipopanda aliirudisha ikatundikwa kwenye msumari wake. Baba alijifunza kuhesabu kwenye ukuta ule kabla hajaanza shule. Jumamosi tarehe 12 Novemba 1966 taa nne hazikurudi. Gesi iliyokuwa imejibanza ndani ya makaa ilitoka kwa wingi ikalipuka. Baba alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amempelekea babu chakula cha mchana, akabaki naye kwenye benchi wakitazama misumari minne mitupu mpaka jua likazama. Kisa hicho alitusimulia mara moja tu, huku akimenya chungwa. Alipomaliza kusimulia aligawa chungwa.

Alisoma shule ya msingi ya mgodi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya kutwa hadi 1974. Shangazi yetu, mdogo wake aliyekaa pale mbele, anakumbuka mtihani wa sayansi wa darasa la sita. Swali la nne lilimshinda baba, akaandika neno moja: "Sijui." Mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa.

"Hata kubahatisha kunakushinda?"

"Mwalimu, nikibahatisha utadhani najua."

Alichapwa viboko viwili. Baadaye mwalimu alirudi kwenye karatasi ile ile akampa alama moja kati ya tano, bila maelezo. Shangazi anasema alijivunia alama hiyo kuliko nyingine zote, na kwamba alikuwa mtoto msumbufu sana kuishi naye nyumba moja. Mwaka 1979 alimaliza chuo cha ufundi na kupata cheti cha kazi za maabara.

Jumatatu tarehe 14 Januari 1980 aliajiriwa katika maabara ya mgodi, akaanza kwa kuosha vyombo. Baada ya miaka miwili alikabidhiwa makopo, na hayo hakuyaachia tena mpaka alipostaafu. Kwa wale wasioijua kazi yake, nitaieleza kama alivyonieleza mimi. Makaa ya mawe yakiwa chini ardhini hushika gesi ya methani kama koti linavyoshika moshi wa jikoni. Ndiyo gesi iliyoua wale wanne. Ikitolewa mapema kupitia visima, kabla wachimbaji hawajashuka, watu hurudi na taa zao, na gesi yenyewe huenda kuwasha mitambo. Lakini kwanza lazima ijulikane iko kiasi gani. Mtambo wa kuchoronga huvuta kipande cha makaa kutoka chini, na kikishachomoka tu kinaanza kupoteza gesi. Hapo baba alikuwa anakimbia. Mzee wenu huyu mpole, asiyekimbilia hata treni, alikuwa anakimbia na makaa mikononi, anayatia kwenye kopo la chuma, anafunga, anatumbukiza kopo kwenye beseni la maji yenye joto sawa na la kule chini. Kisha anapima gesi inayotoka, kila baada ya dakika chache, baadaye kila saa, baadaye kila siku, kwa wiki sita.

Gesi iliyotoroka kabla kopo halijafungwa haikuonwa na mtu. Kiasi chake hukisiwa kwa kuangalia ile iliyotoka baadaye na kuhesabu kurudi nyuma. Baba aliikisia kama taratibu zilivyotaka, lakini aliiandika kwa penseli. Namba nyingine zote aliziandika kwa wino. Hiyo ilikuwa sheria yake, na kila aliyepita mikononi mwake anaijua: wino ni wa kilichoonekana kwa macho, na kilichokisiwa ni cha penseli, hata kikikisiwa na profesa. Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba namba ya kweli huja na mkia wa ovyo ovyo, mbili, saba, tatu. "Namba ikikujia imechana nywele," alikuwa akisema, "iulize imetoka wapi."

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa opereta wa simu posta. Walifahamiana kwenye waya. Kila Ijumaa baba alipiga simu makao makuu kusoma matokeo ya wiki, na mama ndiye aliyeunganisha. Laini zilikuwa mbovu, kwa hiyo mara nyingine mama alipokea namba na kuzisomea upande wa pili.

"Mteja, nimeshazirudia mara tatu."

"Rudia ya nne, dada."

"Hunisikii?"

"Nakusikia. Ndiyo maana."

Miezi minne baadaye alikwenda posta na miguu yake, akasimama kwenye foleni ya stempu, na alipofika dirishani akasema hahitaji stempu. Pamoja na hayo hakuiamini simu hata siku moja. Alikuwa akisema simu haina macho. Mama alimjibu kwamba ina masikio, na masikio ndiyo yaliyompatia mke. Mabishano hayo yalidumu miaka thelathini na tisa na miezi minane, na sisi watoto tulikuwa tunajua mwisho wake kama tunavyojua sala.

Sasa jina langu. Nilizaliwa tarehe 9 Februari 1988. Ijumaa tarehe 15 Julai mwaka huo mama alikuwa zamuni na yaya wetu aliugua, kwa hiyo baba alinibeba kwenda maabara. Saa nane mchana nikalia njaa. Chupa ya maziwa ilikuwa ya baridi, jiko halikuwepo, ila beseni la makopo lilikuwepo. Baba akapandisha joto la maji kutoka nyuzi ishirini na nane hadi sitini, akatumbukiza chupa kati ya makopo sita, akaninywesha, akanifunga mgongoni, akaenda nyumbani. Joto hakulishusha.

Jumatatu asubuhi alikuta kila bomba la kupimia limejaa gesi mpaka mwisho. Makaa yale yalikuwa yametoa kwa siku tatu kile ambacho kwa kawaida kingechukua wiki sita. Hakuna aliyemwona Ijumaa ile. Angeweza kulaumu umeme, au kidhibiti cha joto, au shetani. Daftari la siku hiyo bado lipo na nimelisoma juzi. Imeandikwa kwa wino: "Ijumaa saa nane mchana nilipandisha joto hadi sitini ili kupasha maziwa ya mtoto. Nikasahau kulishusha. Sampuli sita zimeharibika. Kosa langu."

Alipewa barua ya onyo akakaa nyumbani wiki mbili. Aliporudi, mhandisi wa wakati ule, mtu mkali ambaye sasa naye hayupo, alimwita ofisini. Baba aliingia akijua anafukuzwa.

"Ukirudia makusudi," mhandisi akauliza, "itatoka tena vile vile?"

"Sijui, mzee."

"Basi kajue."

Ndivyo kazi ya maisha yake ilivyoanza. Kwa miaka ishirini na tisa alipasha makaa joto, nyuzi arobaini, hamsini, sitini, themanini, na kila mara makaa ya moto yaliiachia gesi haraka kuliko ya baridi, kama lile koti likianikwa juani. Ripoti ziliandikwa na wakubwa. Jina lake halimo. Kwenye ripoti ya kwanza, ukurasa wa kumi na moja, imeandikwa tu kwamba utafiti ulitokana na hitilafu ya joto la maji. Alinionyesha mstari huo nikiwa na miaka kumi. "Unaona, mama? Umeandikwa kitabuni. Wewe ndiye hitilafu." Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine nje ya "mama", na mtaa mzima ukamfuata.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2017, akiwa na jambo moja ambalo hakulijua bado. Kopo si ardhi. Kwenye kopo makaa ni kipande cha urefu wa mkono mmoja na maji yamekizunguka. Kule chini ni unene wa nyumba, na makaa ni wavivu wa kupokea joto. Je, ukishusha hita kwenye kisima, gesi itakuja? Hilo swali alikaa nalo kibarazani miaka saba. Mhandisi wetu wa sasa, ambaye yupo hapa nasi, alianza kazi akiosha makopo chini ya baba, na mwaka huu ndiye aliyempatia kisima namba saba, kile cha nyuma ya kiwanda cha matofali. Masharti yalikuwa haya: hita iwashwe siku sitini. Kisima kilikuwa kinatoa mita za ujazo mia tatu na kumi kwa siku. Mpaka siku ya sitini kikiwa hakijafika mia nne, hita izimwe na kisima kizibwe kwa zege.

Wakati huo baba alikuwa tayari mgonjwa. Tarehe 27 Mei 2024 daktari alimwambia ni saratani ya kongosho. Nilikuwepo. Baba alimwuliza amebakiza muda gani, daktari akasema mambo hayo hayasemeki. Baba akamwambia aseme tu, hatamshtaki. Daktari akasema miezi mitatu, pengine minne. Baba akatoa kijidaftari mfukoni akaandika. Nilichungulia. Aliandika kwa penseli.

Hita iliwashwa Alhamisi tarehe 1 Agosti. Aliwezeshwa kufika kwa kiti cha magurudumu, akabonyeza swichi mwenyewe, akaomba arudishwe kitandani. Kuanzia hapo hakutoka tena. Kitanda tulikiweka sebuleni, chini ya dirisha linalotazama barabara, ili anione nikirudi. Kwa sababu simu haina macho, ilibidi mtu aende kisimani kila siku saa kumi alasiri, asome geji, kile kipimo cha gesi, kwa macho yake, aje amwambie kwa mdomo. Mdogo wangu anaendesha treni ya mizigo na hakai. Mama magoti yanamsumbua. Kwa hiyo nikaenda mimi, nikifunga cherehani saa tisa na nusu. Mtunza pampu wa pale ni mama mmoja tunayemwita Bi Geji, amesimama kule nyuma na kitenge cha bluu. Yeye huandika kwenye kitabu cha kazi, mimi huandika kiganjani, kisha nakwenda.

"Ngapi, mama?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yake.

Aliniambia mapema kwamba namba zitashuka kwanza. Makaa yakipata joto huvimba, na nyufa ambazo gesi hupitia hubanwa. Baadaye yakizidi kupata moto gesi inajilegeza, inasukuma, inatoka. Alitarajia zigeuke wiki ya tatu. Siku ya kumi ilikuwa mia mbili tisini na sita. Siku ya kumi na nane, mia mbili sabini na moja. Aliitikia kwa kichwa, akachukua daftari chini ya mto, akaandika. Siku ya ishirini na moja ilipita, ya ishirini na mbili, ya ishirini na tatu, na bado zinashuka.

Ninachosoma kuanzia hapa hakikuwa kwenye karatasi niliyompa shangazi aikague. Shangazi, samahani.

Jumamosi tarehe 24 Agosti, siku ya ishirini na nne, baba alitapika tangu asubuhi. Nilipoingia na namba yangu mama alikuwa anamfuta shingo. Mkono wake uliokuwa juu ya shuka ulikuwa mwembamba kuliko rula yangu ya kukatia. Akageuza macho. "Ngapi, mama?" Kiganjani nilikuwa nimeandika mia mbili hamsini na mbili. Nikasema, "Mia tatu thelathini na tano."

Akasema, "Ah." Akafumba macho, akalala vizuri mpaka jioni. Nikaona nimefanya jambo jema.

Kesho yake nikasema mia tatu arobaini. Kesho kutwa, mia tatu hamsini. Uongo una kazi nyingi kama gauni la harusi, ukishaanza kulikata lazima ulimalize. Kila siku nilitembea njia ile ile, nikasoma namba ya kweli, nikaiosha kiganjani kwenye bomba la kiwanda cha matofali, nikaja na nyingine. Bi Geji aliniona nikiosha. Siku moja akaniuliza, "Hitilafu, unafuta nini hicho?" Nikamwambia ni vumbi. Jumatatu tarehe 9 Septemba, siku ya arobaini, kisima kilikuwa kwenye mia mbili arobaini na tano. Nilimwambia baba mia nne na kumi.

"Imepita mia nne," nikasema. "Umeshinda, baba."

Alinitazama. Akasema, "Ahsante, mama." Halafu akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Hilo nalo halikuwa kweli.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani, mama akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi nikimtafutia soksi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba, miezi sita na siku saba. Saa kumi alasiri nilikwenda kisimani. Sijui kwa nini, miguu ilikwenda. Bi Geji akaniuliza mzee anaendeleaje. Nikamwambia, "Tusome kwanza." Ilikuwa mia mbili arobaini na nne.

Juzi Alhamisi nilikuwa natafuta tarehe za kuandika wasifu huu, nikafungua lile daftari la chini ya mto. Kila jioni alikuwa ameandika namba niliyomletea, kwa mkono wake, mistari arobaini. Siku ya kwanza mpaka ya ishirini na tatu ni wino. Siku ya ishirini na nne mpaka ya arobaini, namba kumi na saba, zote ni penseli. Mistari ya mwisho inatetemeka, lakini ni penseli. Na kwenye safu ya maelezo, mbele ya ile mia tatu thelathini na tano ya kwanza kabisa, ameandika neno moja, "Asiulizwe."

Nimezitazama namba zangu. Zote zinaishia kwenye sifuri au tano. Mimi hukata vitambaa kwa nusu na robo, na hata uongo wangu niliukata hivyo. Zote zilikuja kwake zimechana nywele.

Nilimpelekea mama daftari jikoni. Alisoma akiwa amesimama, akalirudisha.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nimekaa kwenye mitambo ya simu miaka ishirini na mbili. Sauti ya mtu anayedanganya naijua kabla hajamaliza kusema halo."

"Na baba?"

"Baba yako alikuwa anakusikiliza tangu unalia njaa. Sasa nipishe, maziwa yatafurika."

Shangazi alinisihi jana nisiyaseme haya. Aliniambia, "Mwanangu, mwache baba yako aende na ushindi wake. Kaburini hakuna anayekuja kukagua daftari." Alisema kwa upendo, na pengine yeye ndiye mwenye haki. Lakini baba hakwenda na ushindi. Alikwenda na namba kumi na saba za penseli, akanificha mimi aibu, na kwa siku kumi na saba hakuwa na mtu wa kumwambia ukweli wa kitu alichokingoja miaka thelathini na sita. Nilidhani namwondolea maumivu. Nilimwacha peke yake nayo. Hilo ndilo lililoniganda kifuani tangu Alhamisi, na silioni likitoka leo.

Ameandika nisiulizwe, na kweli hakuna aliyeniuliza. Naandika mwenyewe, kwa wino, chini ya mstari wake wa mwisho: Kuanzia tarehe 24 Agosti hadi tarehe 9 Septemba nilitaja namba zisizo za kweli ili kumpasha baba moyo. Namba kumi na saba zimeharibika. Kosa langu. Zile za kweli Bi Geji alikuwa nazo kitabuni, na zimechapwa zote ukurasa wa nyuma wa kijitabu mlichoshika. Anayetaka azisome.

Mhandisi, mwanafunzi wa baba, leo ni siku ya arobaini na tano. Zimebaki siku kumi na tano. Sikuombi kitu, kwa sababu yeye asingeomba.

Marehemu ameacha mjane mmoja, opereta wake. Ameacha watoto wawili, mimi na mdogo wangu, ambaye ameegesha treni yake kwa ruhusa ya muda wa saa nne tu. Ameacha mkwe, mke wa mdogo wangu. Ameacha wajukuu watatu, mkubwa wao akiwa ameshaanza kuandika "sijui" kwenye mitihani na kutuletea matatizo shuleni. Ameacha dada wawili, mmoja akiwa ni huyu shangazi ambaye sasa hivi anatikisa kichwa. Ameacha majirani wa nyumba za nyuma ya stesheni, ambao wameleta viti. Ameacha wachimbaji wa zamu tatu. Kwenye rafu ya juu ya maabara ameacha makopo sita ya chuma, yale yale ya mwaka 1988, ambayo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuyatupa.

Kwa sababu ya mazishi, geji imesomwa mapema leo, saa moja asubuhi badala ya saa kumi, na hilo limeandikwa kwenye safu ya maelezo. Jumatano ilikuwa mia mbili arobaini na tatu. Alhamisi, mia mbili arobaini na sita. Jana, mia mbili hamsini na moja. Siku tatu si mwelekeo, alinifundisha hivyo, na mimi sijui kama ni joto limefika au ni kitu kingine. Sijui. Bi Geji alitaka kunisomea kwa simu nisiache wageni nyumbani. Nilikwenda.

Baba, leo ni mia mbili sitini na tatu. Nimeiona kwa macho yangu na nimeiandika kwa wino. Pumzika sasa, kwa amani.